Chupa, jiwe jeusi la machimbo au obsidiani: ukiwa Nairobi uanze kuchonga na gani?

Wasee wengi wakisikia kuna mtu anachonga zana za mawe kwa mkono vile watu wa kale walikuwa wakifanya, swali lao la kwanza huwa ni obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, inapatikana wapi. Na unajua tu hilo swali limetoka wapi, wameona video ya mzee fulani wa Marekani amekaa kwa gereji na aproni ya ngozi, dakika kumi ametoa kichwa cha mshale cheusi kinachong'aa, sasa na wao wanataka hicho hicho Jumamosi ijayo. Siwezi kukudanganya eti obsidiani ni mbaya, ni jiwe tamu kuliko yote, lakini kwa mtu anayeanza akiwa hapa Nairobi mimi naiweka namba tatu. Namba moja ni lile jiwe jeusi la machimbo kama una mahali pa wazi pa kukaa, namba mbili ni tako la chupa, na kama unaishi kwa flati basi hizo mbili zinabadilishana nafasi. Sababu ndo hizi hapa chini, usipokubaliana nami ni sawa pia, mawe hayaishi.

Kwanza uelewe hii kazi ina njia mbili na watu huzichanganya. Kuna kugonga, yaani unashika jiwe moja unalipiga na lingine (ama na rungu) karibu na ukingo, kinabanduka kipande chembamba chenye makali, hicho tukiite kibanzi. Alafu kuna kukandamiza, hapo hupigi kitu, unachukua ncha ya shaba au ya mfupa unaiweka kwa ukingo unasukuma na uzito wa mwili hadi kibanzi kidogo kitoke upande wa chini. Kugonga ndo kulitangulia, tena kwa mbali sana. Pale Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, kuna mawe yaliyogongwa miaka milioni 3.3 iliyopita, ugunduzi wake ulitangazwa 2015, na hao waliogonga hawakuwa hata watu wa aina yetu. Kukandamiza ni mambo ya juzi ukilinganisha. Kwa hivyo ukiniuliza jiwe gani, mimi nitakuuliza unataka kujua njia gani, juu jiwe jeusi linafundisha kugonga, chupa inafundisha kukandamiza, na obsidiani inakubali zote mbili, na hapo ndo shida yake huanzia.

Kitu kingine, vile vichwa vya mishale vyenye mikato pembeni unavyoona kwa YouTube mara nyingi ni mitindo ya wenyeji wa Marekani. Vizuri sana kuvitengeneza, lakini usijiambie unafuata mila ya huku. Ya huku ni mashoka ya mkono, yaani jiwe lililochongwa pande mbili la kushika hivyo hivyo bila mpini, kama yale ya maeneo ya kale ya Olorgesailie na Kariandusi huko Bonde la Ufa, ni vibanzi vya kukatia nyama, na karibu na wakati wetu ni vijembe virefu vya obsidiani (vibanzi virefu vyembamba kama wembe) na vipande vidogo vya umbo la mwezi mchanga vilivyobutuliwa mgongo ili vigandishwe kwa mpini. Karibu yote hiyo inaanzia kwa kugonga. Mtu aliyejua kukandamiza chupa peke yake hawezi kutengeneza shoka la mkono, atabaki anakwaruza ukingo tu.

Jiwe jeusi, la bei ya salamu

Nairobi imekalia lava. Sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya mji, kuanzia huko mbugani hadi Mombasa Road na Embakasi, chini kuna fonolaiti, jiwe gumu la kijivu linaloelekea weusi, na hilo ndilo linasagwa kuwa kokoto za mjengo. Kwa hivyo malighafi iko kila mahali, lori likimwaga mawe ya msingi mtaani kwenu ongea na fundi na utapata ya kubeba. Lakini si kila jiwe jeusi ni la kuchonga. Ukisonga upande wa Athi River na nyanda za Kapiti utakutana na ndugu yake ambaye ana fuwele kubwa nyeupe nyeupe ndani, hilo liache, juu ufa ukisafiri ndani ya jiwe ukifika kwa fuwele unapinda ama unakufa hapo hapo na kibanzi kinakatikia njiani. Unataka lile laini la rangi moja, ukilivunja uso mpya unakaa kama ngozi bila chembe za kuonekana.

Somo la kuchagua mimi nililipata kwa mama mmoja anayegonga kokoto kwa mkono kwa machimbo fulani, amekaa juu ya gunia, mwavuli umefungwa kwa kijiti, kidole cha shahada amekivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilimwambia naomba jiwe lisilo na ufa. Hakuangalia hata, alichukua mawili akayagonga kidogo kidogo na nyundo. "Sikia hili linalia," akasema, na kweli lilitoa mlio wa juu wa chuma. "Hili lingine limekufa ndani." La pili lilitoa sauti bubu tu. Nilipoanza kujaribu mbele yake nikilenga tumbo la jiwe akacheka, "Usilipige tumbo kijana wangu, utachoka bure. Tafuta mdomo wake." Hakuna video imewahi kunieleza vizuri hivyo, na kila kitu kingine nitakachokuambia kuhusu kugonga ni maelezo tu ya hayo maneno ya mama.

Mdomo ni ule ukingo ambapo nyuso mbili za jiwe zinakutana kwa pembe ndogo kuliko nyuzi 90. Kama pembe ni kubwa zaidi ya hapo, kama kona ya tofali ama duara ya mpira, piga hadi jioni, utapata vumbi na kiwiko kinachouma. Ukishapata pembe, unalishika jiwe juu ya paja la kushoto (weka ngozi nene ama kipande cha tairi, ile ya kutengeneza akala ni safi kabisa), uso unaotaka kibanzi kitoke unaangalia chini kuelekea pajani, alafu unapiga juu, kama nusu sentimita hadi sentimita moja kutoka ukingoni, pigo la kushuka na kupita, si la kugota na kusimama. Kibanzi kinatoka chini, kwa ile sehemu usiyoiona. Hilo ndo huwachanganya wageni, wanapiga huku wanaangalia juu wakingoja kitu kitokee juu. Kiokote ukigeuze, karibu na mahali ulipopiga utaona kauvimbe kadogo kalikotuna, na mawimbi yanasambaa kutoka hapo. Ukiona kauvimbe hako, umegonga. Usipokaona, jiwe limepasuka tu lenyewe.

Sababu ya kuliweka hili jiwe namba moja ni kwamba halina huruma. Pembe mbaya, halitoi kitu. Pigo legevu, halitoi kitu. Kwa hivyo kile kidogo kinachotoka kimetoka kwa sababu umefanya vizuri, na mkono unakumbuka. Ukizoea fonolaiti, mawe mengine yote unayaona mepesi.

Pia ni jamaa wa yale mawe ya wazee wenyewe. Olorgesailie iko kama kilomita 70 kutoka mjini kwa barabara ya Magadi, unapita Rongai na Kiserian alafu unateremka bondeni joto linaanza kukuchoma. Huko mashoka ya mkono yametapakaa chini na wewe unapita juu ya daraja la mbao unayaangalia, mengi yametengenezwa kwa lava za mlima ulio hapo hapo kando. Mwanajiolojia Gregory alipaona 1919, wanaakiolojia Mary na Louis Leakey wakaanza kuchimba miaka ya arobaini, na tabaka za zamani zina zaidi ya miaka milioni moja. Ushauri wangu, nenda baada ya kuwa umegonga mawe yako kidogo, si kabla. Ukienda kabla unaona mawe. Ukienda baada unaanza kuhesabu makovu ya vibanzi, unaona huyu alianza na kibanzi kikubwa sana alichobandua kwa mwamba ndo akakichonga pande mbili, unaona huyu pembe ilimkataa akaacha.

Ubaya wake sasa. Ni zito, gunia la mawe kwa matatu konda atakuangalia vibaya na atakulipisha kiti. Lina kelele ya chuma kwa chuma ambayo kwa ploti ya vyumba vya mabati majirani hawatavumilia hata robo saa. Linataka nguvu, na mtu mwenye kiwiko ama bega bovu aanze polepole, apige vipindi vifupi. Na halitakupa kitu chembamba cha kupendeza, ukitaka cha kuweka kwa kabati wageni washangae hili jiwe litakuudhi.

Tako la chupa, la mtu wa flati

Kwa wanaokaa Pipeline, Umoja, Kasarani, ghorofa ya nne, dirisha linaangalia dirisha, hapa ndo kwenu. Kukandamiza hakuna kelele, kunahitaji meza ama magoti tu, na malighafi inatupwa kila wikendi nyuma ya baa. Chupa ya bia inafanya kazi lakini tako lake ni jembamba. Tafuta mzinga wa pombe kali wenye tako nene na bapa, zile za pembe nne ndo bora. Chupa za mvaini zenye tako lililoingia ndani achana nazo kwa kuanzia, ule mpindo utakusumbua.

Kutoa tako si lazima uivunje vunje. Vaa glavu za ngozi na miwani, funga chupa na kitambaa kizito, tia msumari mkubwa ndani, ziba mdomo kwa kiganja (chenye glavu!) alafu tikisa juu chini ili kichwa cha msumari kipige tako kutoka ndani. Likikubali linatoka zima, duara safi. Fanya hivyo ndani ya ndoo, usifanye kwa sinki la jikoni.

Baada ya hapo ni ngozi kwa kiganja cha kushoto, pale Kariokor wanaoshona viatu wana vipande vya kubaki wanavyotupa au kuuza kwa bei ya kutupa, na ncha ya shaba mkononi kulia. Kabla ya kukandamiza popote, sugua ukingo wa kioo na jiwe lenye chembe kali hadi ule wembe ufe na ukingo uwe kama umepakwa unga. Hii hatua wengi huiruka, wanaona kama unaharibu makali ambayo ndo unayatafuta, lakini ukingo mwembamba hauwezi kubeba nguvu, unasagika chini ya ncha na unabaki na vumbi badala ya kibanzi. Ukishasugua, weka ncha, sukuma ndani kwanza kuelekea katikati ya kioo, na nguvu ikishajaa ndo unapindisha mkono kidogo kuelekea chini. Utasikia tik. Geuza uangalie.

Ncha ya shaba unaitengeneza mwenyewe, waya mnene wa ethi kutoka duka la vifaa vya stima, unaupigilia ndani ya kipini cha mti unaacha kama sentimita mbili nje. Beba sumaku ukienda kununua, kuna fimbo nyingi zinaonekana shaba na ndani ni chuma kilichopakwa, sumaku ikishika rudisha. Shaba inafaa kwa sababu ni laini inauma ukingo, chuma kigumu kinateleza na kupasua mahali usipotaka. Na kama unataka kuwa wa kienyeji kabisa, mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchari, uchemshe, uanike, uusugue ncha kwa saruji. Unachakaa haraka lakini unafanya kazi.

Ubaya wa chupa ni kwamba inakufundisha nusu ya kazi tu. Kioo cha unene huo ukikigonga kwa jiwe kinavunjika vipande viwili mara nyingi, kwa hivyo utakuwa fundi wa kukandamiza na pigo hulijui. Na vipande vyake jamani. Vibanzi vya kioo havionekani kwa sakafu ya simiti, vinashika kwa soksi, vinaenda hadi kitandani. Kama kuna mtoto anayetambaa nyumbani jibu ni hapana, si "nitafagia vizuri", ni hapana. Wale wanaopanda juu ya nyumba kwa kamba za nguo pia wafikirie watu wanaotembea huko miguu mitupu.

Usisumbuke na kioo cha gari kutoka Grogan. Vya milangoni vimepashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani kwa namna ambayo vikipasuka vinamwagika chembe chembe zote mara moja, huwezi kuvichonga.

Obsidiani, na kwa nini namwambia mtu angoje

Obsidiani ni kioo cha volkano. Lava imepoa haraka hadi fuwele hazikupata nafasi ya kukua, ndo maana ufa unapita ndani yake bila kizuizi kwa upande wowote na ukingo mpya una makali kuliko wembe wa hospitali. Sisi tuna bahati, Bonde la Ufa karibu na Naivasha ni moja ya sehemu tajiri kabisa, mlima Eburru, eneo la Njorowa, kuzunguka ziwa. Na watu wamelijua hilo siku nyingi mno. Huko Olorgesailie kuna tabaka za kama miaka 300,000 zilizopita zenye vipande vya obsidiani ambavyo vilitoka mbali, vingine hadi kilomita 90 hivi, na hakuna mtu anabeba jiwe umbali huo kwa mchezo. Baadaye sana, miaka kama 3,000 iliyopita, wafugaji wa kusini magharibi mwa Kenya walikuwa na mapenzi maalum na obsidiani ya kijani kijani ya Eburru huku wafugaji wengine wakitumia zaidi ile ya kijivu ya upande wa Naivasha. Hata kwa mawe watu walikuwa na kambi zao.

Sasa kwa nini ungoje? Moja, ni rahisi mno. Pigo baya kwa obsidiani bado linatoa kibanzi kizuri chenye kung'aa, kwa hivyo mtu anakaa miezi akidhani amejua na pembe yake ni mbovu vile vile. Mbili, inakata. Fonolaiti itakuponda kidole, obsidiani inakufungua na husikii, unaona tu damu kwa jiwe unashangaa ni ya nani. Nyundo yake pia inafaa iwe laini zaidi, jiwe la mchanga ama rungu la mti, ukiipiga na jiwe gumu la mtoni bila ujuzi inajaa nyufa ndani na inakuja kukuvunjikia baadaye ukiwa umebakisha kidogo tu umalize.

Tatu ndo nzito, kuipata kwa haki. Hell's Gate ni mbuga ya taifa, huwezi kuokota jiwe ukaondoka nalo, hata kama limelala njiani linakutazama. Nje ya mbuga kuna mashamba ya watu, kwa hivyo unaongea na mwenye shamba. Na hata akikuruhusu bado kuna jambo, vipande vingi vinavyong'aa kwenye udongo wa huko si mawe tu, ni kazi za mikono ya watu wa kale, na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa inalinda vitu hivyo. Mtu ambaye hajajifunza kugonga hawezi kutofautisha. Ataokota kibanzi chembamba kirefu "cha kuanzia mazoezi" kumbe ni kisu cha mfugaji wa miaka elfu tatu. Ndo maana nasema jifunze kwanza kuona kauvimbe na makovu kwa fonolaiti ambayo haina thamani kwa mtu, alafu ukifika Naivasha macho yatakuwa yanakuambia hiki ni donge la asili naweza kuomba, hiki kimeguswa nakiacha hapo hapo kilipo.

Ukiwa tayari, hakuna kitu kitakufurahisha kama hiyo. Kutoka donge moja la saizi ya ngumi unaweza kutoa vijembe virefu kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kinakata nyanya bila kuiponda.

Vingine kwa haraka

Mawe ya nyumba, zile za kukatwa na mashine kutoka Ndarugo na kwingineko, ni majivu ya volkano yaliyogandamana, yanabomoka tu, sahau. Cherti ya Magadi, jiwe la jamii ya gumegume, inachongeka na ni ngumu inadumu, ila vumbi lake ndo baya zaidi kwa mapafu, na safari ni ndefu kwa mtu wa kuanza. Sinki la choo lililovunjika, usicheke, ile kauri nyeupe inachongeka vizuri ukishaondoa ngozi ya nje inayong'aa, kuna watu wanaipenda, mimi siwezi kumpa mtu zawadi nikaanza kumweleza imetoka wapi.

Nyundo: jiwe au rungu

Hapa hakuna ubishi mkubwa. Unahitaji jiwe la mviringo la mtoni linalojaa kiganja, gumu, bila ufa, na lingine dogo kidogo. Wauza maua kando ya barabara wana mawe laini ya mapambo ya bustani, chagua yaliyo na umbo la yai ujaribu mlio kama ule wa mama. Jiwe linakupa vibanzi vifupi vinene na ndo la kuanzia.

Kwa kazi ya pili, ya kupunguza unene wa shoka la mkono, Wazungu kwa video zao hutumia pembe za kulungu wa kwao. Hapa usiwaze kutafuta pembe ya swala, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 hiyo ni nyara na kuwa nayo bila kibali ni kesi. Na huihitaji. Rungu la Kimaasai la mti mgumu, mtamaiyu ama mti mwingine mzito wa aina hiyo, linafanya kazi hiyo vizuri kwa obsidiani na kwa fonolaiti laini. Kwa Maasai Market mengi ni ya watalii, mepesi yamepakwa rangi, wewe shika moja moja upime uzito, na muulize mzee anayeuza lipi angebeba yeye mwenyewe. Rungu linabandua vibanzi virefu vyembamba vyenye kauvimbe kadogo sana. Kichwa kitaliwa na mawe baada ya muda, ndo kazi yake.

Peke yako na simu, au na mtu

Video zinasaidia, sikatai, hasa kwa kukandamiza ambapo mikono iko karibu na kamera. Kwa kugonga zinapotosha, juu kitu muhimu ni pembe kati ya pigo na uso, na kamera inaonyesha pembe ya kamera. Kuna utafiti wa 2015 uliotoka kwa jarida la sayansi la Nature Communications, watu 184 walifundishwa kutengeneza vibanzi kwa njia tofauti, kuanzia kupewa mawe tu na kuachwa hadi kufundishwa kwa maneno, na waliofundishwa kwa kuongeleshwa ndo walifanya vizuri zaidi kuliko wale wa kutazama tu. Kwa hivyo hata kama hakuna mwalimu, tafuta mwenzako mmoja mjifunze pamoja, mmoja agonge mwingine aangalie kutoka pembeni aseme "umeinua mkono sana", "hapo hakuna mdomo". Wanafunzi wa akiolojia pale Chuo Kikuu cha Nairobi ni watu wa kuongea nao, wengi wanapenda hii mada kuliko unavyofikiri, na ukienda Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill usikimbilie mifupa peke yake, simama kwa mawe pia uyasome.

Na kama unadhani ufundi huu ulikufa zamani, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, Ethiopia, kwa Wakonso kuna wanawake waliojifunza kwa mama zao kuchonga vikwangulio vya mawe vya kulainishia ngozi, na wataalamu wamewakuta wakivitumia katika miaka hii yetu. Hao ndo walimu, sisi wengine tunaokoteza.

Kabla hujakaa chini

Miwani si hiari, ile angavu ya mafundi ya kukinga macho inatosha. Kaa nje, upepo ukutoke mgongoni, na barakoa ya vumbi puani hasa ukisugua kingo, juu vumbi la mawe likiingia kwa mapafu halitoki. Tandika turubai kubwa kuliko unavyodhani, vibanzi vinaruka. Suruali ndefu, viatu vya kufunika, na paja usilipige bila ngozi hata kama ni "pigo moja tu".

Taka ndo jambo ambalo wanaoanza hawaliwazi kabisa. Usimwage vibanzi vya obsidiani ama vya fonolaiti kichakani, Ngong ama kando ya mto, juu ukishakuwa mzuri kidogo kazi yako haitofautiki kirahisi na ya kale, na siku moja mtu wa makumbusho atakuta rundo lako aanze kuandika ripoti. Zika mahali pamoja pamoja na kitu cha leo, sarafu ya shilingi ishirini ama kizibo cha soda. Na kila kitu ulichokimaliza, andika kwa kalamu isiyofutika mwaka na herufi za jina lako upande mmoja. Vibanzi vya chupa viingie kwa mkebe wa rangi wenye kifuniko, ujae, uubandike karatasi "KIOO", ndo umpe mtu wa taka mkononi ukimwambia kuna nini ndani, usiutupe ndani ya mfuko wa plastiki, juu yule kijana anabeba mfuko mgongoni.